Ugumba wa Mwanamume na Swali la Lawama

Mwanamume huhesabiwa kuwa na tatizo la uzazi pale ambapo yeye na mkewe wamekaa mwaka mzima au zaidi wakikutana bila kinga, mimba isitunge, na sababu ikaonekana kuwa upande wake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita hupatwa na shida ya uzazi wakati fulani maishani, na madaktari wanakubaliana kwamba upande wa mume unahusika katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hiyo, ama peke yake ama pamoja na upande wa mke. Lugha haijaifikia hesabu hii. Neno tasa likitajwa, wengi humfikiria mwanamke. Mgumba ni neno la wote wawili, ila katika mazungumzo nalo huishia kwa mke: ndiye anayesemwa na mawifi, ndiye anayezungushwa kwa waganga. Mume akishukiwa huitwa hanithi, na hilo ni jina la maradhi mengine kabisa.

Uhanithi ni kushindwa tendo la ndoa. Ndio unaosemwa kwa fumbo kwamba jogoo hapandi mtungi, na ndio unaolengwa na matangazo ya dawa za nguvu za kiume yanayobandikwa kwenye kuta na nguzo za umeme. Ugumba unaozungumzwa hapa hauhusiani na nguvu. Korodani hufanya kazi mbili, kila moja kwa seli zake. Ya kwanza ni kutoa homoni ya testosteroni, inayoleta ndevu, sauti nzito, misuli na hamu. Ya pili ni kutengeneza mbegu, kazi inayochukua takribani siku 74 tangu mbegu inapoanza hadi inapokomaa. Kazi hii ya pili inaweza kusimama kabisa ilhali ya kwanza inaendelea bila kasoro. Manii yenyewe hayafichui kitu, kwa kuwa sehemu kubwa ya majimaji yake hutoka katika tezi nyingine; yasiyo na mbegu hata moja huonekana kwa macho sawasawa na yenye mamilioni. Hali ya kutokuwa na mbegu kabisa huitwa azospemia, na inakadiriwa kumpata mwanamume mmoja katika kila mia. Wengi wao ni watu wenye afya njema, na bila hadubini hawana njia ya kujijua.

Mbegu ya kiume ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1677, pale Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, alipoitazama kwa lenzi alizozisaga mwenyewe. Vitabu vitakatifu, sheria za ndoa na mila za koo zilikuwa zimekwisha kuwekwa karne nyingi kabla. Kwa muda wote huo mume aliyeweza tendo la ndoa alihesabiwa mzima, na nyumba ikikosa mtoto, kilichobaki kuulizwa ni kosa la mke, laana ya ukoo au adhabu ya Mungu. Swali lilikuwa moja kwa sura nyingi: nani amekosa? Elimu ya jeni, iliyokuja zaidi ya karne mbili baada ya Leeuwenhoek, inaonyesha kwamba swali hilo halina pa kusimama. Inaonyesha pia kwamba liko swali jingine lililokuwa limefunikwa na lile la kwanza, nalo ni nani anastahili kuambiwa ukweli, na lini.

Maandishi ya vinasaba vya binadamu, yaliyogawanyika katika nyuzi ziitwazo kromosomu, yana herufi zipatazo bilioni 3. Watu wawili wasio na undugu hufanana katika sehemu kubwa mno ya maandishi hayo, lakini kila mtu hutofautiana na nakala inayotumiwa na wanasayansi kama kipimo katika mahali milioni 4 hadi 5. Juu ya tofauti alizorithi, kila mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya 60 hadi 70 ambayo hayakuwamo kwa baba wala kwa mama. Mengi hutoka upande wa baba, kwa sababu seli zinazozaa mbegu hujinakili maisha yote. Utafiti uliofanywa Iceland na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kila mwaka unaoongezeka katika umri wa baba huongeza takribani mabadiliko mawili kwa mtoto wake. Hapana binadamu aliye nakala safi isiyoguswa. Tofauti ndiyo hali ya kawaida ya kiumbe huyu, na kutoka katika bahari hiyo hiyo ya tofauti hutoka rangi ya macho, kinga dhidi ya maradhi na, mara chache, kukoma kwa mbegu.

Zipo njia kadhaa ambazo tofauti za kijeni huzuia uzazi wa mwanamume. Iliyo ya kawaida kuliko zote ni kuzaliwa na kromosomu X ya ziada, hali iliyoelezwa mwaka 1942 na daktari wa Marekani Harry Klinefelter na ambayo chanzo chake kilijulikana mwaka 1959. Humpata takribani mvulana mmoja katika kila 600, na kwa kawaida hairithiwi. Nyingine ni kasoro katika jeni ya CFTR, inayofanya mirija ya kupitishia mbegu isiumbike, ijapokuwa mbegu zenyewe zinatengenezwa. Ya tatu, na ndiyo inayogusa kwa undani maswali ya dini na falsafa, ni kukosekana kwa kipande cha kromosomu Y, ile ambayo mwana huipata kwa baba yake.

Mwaka 1976 Luciano Tiepolo na Orsetta Zuffardi wa Pavia, Italia, walichunguza kromosomu za wanaume 1,170 wenye shida ya uzazi. Sita kati yao hawakuwa na mbegu hata moja, na ncha ya mkono mrefu wa kromosomu Y yao ilikuwa imekatika. Baba zao walioweza kupimwa walikuwa na kromosomu Y kamili. Watafiti hao wakahitimisha kwamba mahali palipopotea pana kitu kinachohitajika ili mbegu zitengenezwe. Miaka 20 baadaye sehemu hiyo iligawanywa katika kanda tatu zinazoitwa AZFa, AZFb na AZFc. Anayekosa kanda nzima ya a au ya b kwa kawaida hana mbegu popote, hata korodani ikipasuliwa na kupekuliwa kwa hadubini. Anayekosa kanda ya c huenda akawa na mbegu chache kwenye manii, na asipokuwa nazo, madaktari hufanikiwa kuzipata ndani ya korodani kwa karibu nusu ya wanaume wa namna hii.

Sababu ya kipande kupotea ni ya kustaajabisha, na inafaa kuelezwa kwa utulivu. Kromosomu nyingine, ukiacha X ya mwanamume, huja mbili mbili, moja ya baba na moja ya mama, na moja ikiharibika hurekebishwa kwa kuifuata mwenzake. Kromosomu Y haina mwenza katika sehemu yake kubwa. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwa hiyo imehukumiwa kuchakaa tu. Mwaka 2003 kundi lililoongozwa na David Page wa Taasisi ya Whitehead huko Cambridge, Marekani, likishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, lilichapisha maandishi ya kromosomu hiyo, na ndani yake mlikuwa na mafungu manane makubwa yanayosomeka sawa kutoka pande zote mbili, kama yanavyosomeka maneno ini na ama. Fungu kubwa kuliko yote lina herufi zipatazo milioni 2.9, na nusu zake mbili zinalingana kwa asilimia 99.97. Kromosomu isiyo na mwenza imejifanyia mwenza ndani yake yenyewe: jeni ikiharibika upande mmoja, hunakiliwa upya kutoka upande wa pili.

Lakini kufanana huko huko ndiko kunakoleta hatari. Wakati wa kujinakili, mafungu mawili yanayofanana yaliyo mbali mbali yanaweza kushikana kimakosa, na kilicho katikati kikaachwa nje. Kanda ya AZFc hupotea kwa njia hii, herufi milioni 3.5 kwa mara moja. Jambo hilo hutokea ndani ya mwili wa baba mbegu inapotengenezwa, au hata baadaye, kiinitete kinapoanza kugawanyika, na baba mwenyewe hana dalili yoyote. Mpango uleule unaoihifadhi kromosomu Y katika mamilioni ya wanaume ndio unaoikata katika wachache. Hoja ya kale ya wanafalsafa kwamba uharibifu ni dosari iliyopenyezwa kutoka nje katika kazi iliyo njema haipati msaada hapa. Kinga na hatari zimeandikwa kwa mkono mmoja, na haiwezekani kuiondoa moja bila kuivunja nyingine.

Si kila pengo, yaani kipande kilichopotea, lina uzito sawa, na hapa ndipo neno hatari linapotakiwa kutumiwa kwa uangalifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima wanaume 20,884 wa India, Poland, Tunisia, Marekani na Vietnam. Pengo kamili la AZFc lilipatikana kwa mwanamume mmoja katika 2,320, na lilionekana kuongeza uwezekano wa kushindwa vibaya kutengeneza mbegu kwa takribani mara 145. Pengo dogo zaidi, liitwalo gr/gr, linalochukua karibu nusu ya kanda hiyo, lilipatikana kwa wanaume 2.4 katika kila mia, nalo lilikaribia kuongeza uwezekano huo mara mbili. Mtu akisikia "mara mbili" hushtuka. Hata hivyo, kwa kuwa tatizo lenyewe ni la wachache, wanaume wenye pengo la gr/gr wanaopatwa na tatizo hilo zito hawafiki wawili katika mia. Na nchini Japani uko ukoo mkubwa wa kromosomu Y ambao kila mwanamume wake analo pengo la aina hiyo. Wamezaana kwa maelfu ya miaka.

Kwa hiyo sentensi isemayo kwamba jeni fulani huongeza hatari ya ugumba inaeleza kundi la watu. Kumhusu mtu mmoja aliyeketi mbele ya daktari inasema kidogo sana. Mwenye gr/gr akiambiwa "una jeni ya ugumba" ameambiwa uongo, ingawa tarakimu zilizotumika ni za kweli. Jambo hili lina uzito wa kidini pia, kwa sababu watu wengi huipokea hatari kama walivyokuwa wakiipokea kauli ya mpiga ramli: kama hukumu iliyokwisha kuandikwa kwa jina lao. Tofauti ya kijeni ina uzito wa namna mbalimbali. Pengo la AZFa ni mlango uliofungwa, la AZFc ni mlango mzito, na gr/gr kwa wengi ni mlango wa kawaida wenye bawaba inayolia kidogo.

Wapo wanaoona kwamba kutaja jeni ni kumpokonya Mungu kazi yake. Kurani, katika sura ya 42, inasema kwamba Mungu huwapa awatakao watoto wa kike, awatakao wa kiume, wengine huwachanganyia, na humjaalia amtakaye kuwa mgumba. Aya hiyo haitofautishi mume na mke, jambo linalosahauliwa mara nyingi na wale wanaoinukuu mbele ya mke peke yake. Uhusiano wa sababu za kimaumbile na uwezo wa Mungu umejadiliwa katika Uislamu kwa kina tangu zamani: al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishikilia kwamba moto hauunguzi pamba kwa nguvu yake bali kwa Mungu kuumba kuungua pale vinapogusana, na Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, akamjibu kwamba kuzikana sababu ni kuikana akili yenyewe. Katika suala la ugumba, mabishano hayo makubwa yanaishia mahali pamoja. Akifuatwa al-Ghazali, kukatika kwa kromosomu ni tendo la Mungu. Akifuatwa Ibn Rushd, ni sababu aliyoiweka Mungu. Hakuna kati yao anayeacha nafasi ya kuiita kosa la mke.

Upande wa adhabu nao haupati nguvu. Injili ya Yohana, katika sura ya 9, inasimulia wanafunzi wakimwona mtu aliyezaliwa kipofu na kumuuliza Yesu kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake. Yesu anakataa yote mawili. Kwa mwanamume mwenye pengo jipya la AZFc jibu hilo linalingana na ukweli wa kibiolojia kwa ukaribu usiotarajiwa: pengo halikuwamo kwa babu, halikuwamo katika mwili wa baba kama maradhi, na mwenyewe hakulifanya. Limetokea mara moja, katika seli moja, bila tendo la mtu yeyote. Anayetafuta laana ya ukoo atapima ukoo mzima na kukuta kromosomu kamili.

Dini za Ibrahimu zilikuwa zimeuhisi ugumba wa kuzaliwa hata kabla ya hadubini. Injili ya Mathayo, sura ya 19, inawataja matowashi waliozaliwa hivyo tangu tumboni mwa mama zao. Sheria ya Kiyahudi katika Mishna, iliyokusanywa karibu na mwaka 200, inamtenga towashi wa kuzaliwa na aliyefanywa towashi na watu, na Rabi Eliezer ana rai kwamba yule wa kuzaliwa anaweza kupona. Maneno hayo yaliwahusu wanaume wenye dalili za nje, kama kukosa ndevu, kwa hiyo yanaelekea zaidi hali ya kromosomu X ya ziada kuliko pengo la Y lisiloonekana. Ujasiri zaidi umo katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mijadala ya marabi, ambamo imesemwa kwamba Isaka mwenyewe, si mkewe Rebeka peke yake, alikuwa mgumba. Kumtaja mmoja wa mababa watatu wa taifa kuwa ndiye mwenye upungufu, na kumwacha na heshima yake yote, ni hatua ambayo jamii nyingi hazijaifikia hata leo. Naye nabii Isaya, katika sura ya 56, anawaahidi matowashi wanaoshika agano jina ndani ya nyumba ya Mungu lililo bora kuliko wana na mabinti, ilhali Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, ilikuwa imewazuia kuingia katika kusanyiko.

Jina ndilo lililokuwa moyo wa jambo katika mila nyingi za Afrika pia. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza jinsi mtu aliyekufa anavyoendelea kuishi ndani ya Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, kisha akazama katika Zamani. Kwa mtazamo huo, asiyeacha mtoto amekufa mara mbili, na ndiyo sababu uchungu wa ugumba hauwezi kupozwa kwa maneno ya juu juu. Lakini mila hizo hizo zilitafuta njia ya kuliokoa jina bila mbegu. Miongoni mwa Wakurya wa mkoa wa Mara na wa ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kumwoa mwanamke mwenzake kwa mahari, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Desturi hiyo huitwa nyumba ntobhu. Wanuer wa Sudan Kusini humwoa mke kwa jina la marehemu, na watoto huitwa wa marehemu. Kromosomu Y hupita kutoka baba hadi mwana kama linavyopita jina la ukoo; mila hizi ziliamua, bila kuijua kromosomu, kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kutenganishwa. Uislamu uliamua kinyume: unahimiza kulea mtoto wa mwingine lakini unakataza kumpachika nasaba isiyo yake. Misimamo hiyo miwili haipatanishwi kwa urahisi, na kila mmoja una gharama yake. Wa kwanza unamgharimu mtoto kuijua asili yake. Wa pili unamgharimu mgumba jina lake.

Hadi mwaka 1992 maswali haya yalikuwa yakikoma kwa mgumba mwenyewe. Asiye na mbegu za kutosha hakuzaa, na pengo lake lilikwisha naye, isipokuwa katika familia chache ambamo mwenye pengo la AZFc alizaa kwa njia ya kawaida. Mwaka huo, mjini Brussels, Gianpiero Palermo na wenzake walichapisha taarifa za mimba zilizopatikana kwa kuchoma mbegu moja tu ndani ya yai. Mbegu moja ikawa inatosha. Mwaka 1999 ikathibitishwa kilichotarajiwa: wanaume wenye pengo la AZFc wakizaa wana kwa njia hiyo, wana huzaliwa na pengo lilelile. Haiwezekani iwe vingine, kwa kuwa baba ana kromosomu Y moja tu ya kumpa mwanawe. Binti hupewa X na hana pengo. Kwa maneno mengine, tiba imeufanya ugumba kuwa kitu cha kurithiwa, jambo ambalo kwa maumbile lilikuwa karibu kutowezekana.

Je, baba huyo anamdhuru mwanawe? Mwanafalsafa wa Uingereza Derek Parfit, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alionyesha ugumu wa swali la namna hii. Mwana aliyezaliwa na pengo hakuwa na njia nyingine ya kuzaliwa: mbegu ya baba yake isiyo na pengo haipo. Kusema ameonewa ni kusema ingekuwa heri kwake asingekuwapo, na hakuna mwenye busara anayeweza kusema hivyo kwa mtu mwenye afya, akili na nguvu, ambaye upungufu wake wote ni kwamba huenda akahitaji daktari ili awe baba. Hoja hiyo ina nguvu na inatosha kuondoa shtaka la dhuluma. Haitoshi kuondoa wajibu, kwa sababu mtu anaweza kuwa hakumdhuru mwanawe kwa kumzaa na bado akamdhuru kwa kumficha.

Wengine hupendekeza kukwepa suala lote kwa kupima viinitete na kupandikiza vya kike peke yake. Pendekezo hili halina budi kutazamwa kwa shaka. Linachagua jinsia ya mtoto kwa sababu ya hali isiyoua wala kuumiza mwili, na linamwambia kila mwanamume mwenye pengo hilo kwamba mtu kama yeye ni bora asizaliwe. Katika kasoro ya CFTR mambo ni tofauti: mke naye akiwa na kasoro katika jeni hiyo, mtoto anaweza kupata maradhi mazito ya mapafu na kongosho, na kupima kabla ni kumhurumia mtoto huyo. Kuviweka vitu hivi viwili katika kapu moja kwa kuwa vyote vinaitwa vya kijeni ni kukosa kipimo.

Kuhusu tiba yenyewe, dini hazisemi kwa sauti moja. Mwaka 1980 Sheikh Jad al-Haq, aliyekuwa Mufti wa Misri na baadaye Sheikh wa Al-Azhar, alitoa fatwa inayoruhusu kutunga mimba nje ya mwili maadamu mbegu ni ya mume, yai ni la mke na ndoa ingali hai, na kukataza mbegu ya mtu wa tatu. Masuni walio wengi wamebaki hapo. Nchini Iran, fatwa ya Ayatollah Khamenei ya mwaka 1999 ilifungua mlango wa mbegu na mayai ya wengine. Kanisa Katoliki, katika waraka wa Donum Vitae wa mwaka 1987 na kisha Dignitas Personae wa mwaka 2008, linakataa njia zote zinazotenga utungaji wa mimba na tendo la ndoa, ile ya kuchoma mbegu ndani ya yai ikiwamo, na linafundisha kwamba mtoto ni zawadi na wala si haki ya kudaiwa. Mgumba mwenye pengo la AZFc ana mlango wazi kwa upande mmoja na uliofungwa kwa upande wa pili, kwa mwili uleule.

Ambapo mapokeo haya yanakutana bila kupanga ni kwenye wajibu wa kusema. Kanuni ya 1084 ya Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inasema kwamba ugumba haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Papo hapo inaelekeza kwenye kanuni ya 1098, inayohusu aliyeingizwa katika ndoa kwa kudanganywa juu ya sifa inayoweza kuvuruga maisha ya wawili hao. Katika Uislamu, imepokewa kutoka kwa mwanazuoni Ibn Sirin kwamba Khalifa Umar alimuuliza mtumishi wake mmoja, mgumba aliyekuwa ameoa, kama alimweleza mke hali yake. Alipojibu hapana, Umar akamwamuru aende amwambie, kisha ampe hiari. Ugumba wenyewe haukuwa aibu katika maamuzi hayo yote mawili. Lililoangaliwa ni kuuficha.

Wanazuoni wengi wa Kiislamu hawakuuhesabu ugumba kuwa kasoro inayompa mke haki ya moja kwa moja ya kuvunja ndoa, na sababu aliyoitaja Ibn Qudama, mwanazuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1223, inagusa kiini cha suala hili: ugumba haujulikani kwa yakini, kwani wapo wanaume wasiojaliwa mtoto ujanani wakajaliwa uzeeni. Hoja yake ilisimama juu ya kutojua. Kwa mwanamume mwenye pengo la gr/gr hoja hiyo bado ni sahihi hadi leo, na kwa mwenye pengo la AZFc ni sahihi kwa sehemu. Kwa aliyepimwa akakutwa hana kanda nzima ya AZFa au AZFb, kutojua kumekwisha. Makadhi na wachungaji wanaoletewa kesi za namna hii wanahitaji kuuliza pengo ni lipi kabla ya kuuliza nani amekosa, na mke aliyezungushwa kwa waganga miaka kumi anastahili kuliona jibu la maabara siku ileile mumewe anapoliona.

Mwana naye ana haki yake. Anayezaliwa kwa mbegu ya baba mwenye pengo la AZFc anajulikana tangu kutungwa kwake kuwa analo, na anayelijua kabla yake ni baba. Wazazi wengi huchelea kusema, wakiogopa kumtia mtoto unyonge au kufichua jinsi alivyopatikana. Hofu hiyo ni ya kibinadamu, lakini muda unaifanya kuwa na madhara. Kwa baadhi ya wanaume wenye pengo hili idadi ya mbegu hupungua kadiri umri unavyosonga, na kijana aliyekuwa na mbegu chache akiwa na miaka 20 anaweza kukosa hata moja akiwa na miaka 35. Ndiyo maana madaktari hushauri kijana wa namna hii apimwe manii mara anapofikia utu uzima, na mbegu zikipatikana zigandishwe na kuhifadhiwa. Ushauri huo unamfaa aliyeambiwa mapema tu, na wa kumwambia ni baba yake.